Mapigo Yanayochelewa

Oruro, 9 Machi 2014

Kwa shemeji Limbert,

Pokea salamu za nyumbani, nyingi kuliko karatasi hii. Naomba zikukute mzima, na cherehani isiwe imekutoboa kidole. Sisi huku tunaendelea. Mama yenu miguu bado inamuuma lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mtoto wetu Dayra ametimiza mwaka na miezi miwili, ana meno sita na anauma watu. Karnivali imepita, mji umechoka, mpaka leo upepo unapeperusha manyoya ya kofia za wachezaji.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Mimi na wewe tulionana mara moja tu, siku ulipopanda basi kwenda São Paulo, na wewe na kaka yako mlikuwa hamsemezani. Huu mwaka wa nne. Sikuandikii ili niamue ugomvi wenu, mimi shule niliiacha darasa la saba na ugomvi wa ndugu siuwezi. Nakuandikia kwa sababu ya mapafu ya Grover.

Daktari anasema ni vumbi la mgodi, limeganda ndani kama saruji. Mtungi wa oksijeni umesimama kando ya kitanda. Zile ngoma zake mbili za miguu, alizokuwa anazipiga kama mvua ya mawe kwenye bati, sasa akizipiga kidogo tu anainama kutafuta hewa. Mwezi uliopita alinituma nizifunike dramu zote kwa shuka. Nikafunika. Akaniambia, "Mama Dayra, maiti umemfunika vizuri."

Lakini vidole vyake havikubali. Anagonga meza, anagonga sahani, anagonga mgongo wa mtoto mpaka mtoto analala. Ni ule wimbo wenu mrefu wa bendi, ambao hamkuwahi kuurekodi. Shemeji, mimi nataka urekodiwe kwa mkono wake kabla hajashindwa kabisa. Dayra akikua asiambiwe tu na watu kwamba baba yako alikuwa mpigaji. Asikie mwenyewe.

Fundi simu wa hapa mtaani kaniambia zipo programu za kompyuta zinazotoa sauti ya dramu, na kwamba watu wa muziki wenu wa metali siku hizi wanarekodia chumbani, bila dramu, bila kelele kwa jirani. Kompyuta tunayo, ya mkono wa pili. Akanitajia majina ya programu nikashikwa na kizunguzungu. Wewe ndiye mjuzi. Ipi inamfaa mtu asiye na pumzi?

Barua anakuletea Doña Eusebia, yule anayepeleka bidhaa huko kwa basi. Simu inakatika kabla hatujamaliza kuulizana hali.

Grover hajui kama nimekuandikia.

Mimi shemeji yako,
Zulma

*

São Paulo, 6 Aprili 2014

Shemeji Zulma,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa huyo binti mwenye meno sita. Mimi ni mzima. Tunalala watu sita chumba kimoja na cherehani nane, na hizo cherehani zina nafasi kubwa kuliko sisi. Jumapili zikinyamaza ndipo nachukua gitaa.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Sikujua kama hali yake imefika huko. Mama kwenye simu husema tu "kaka yako amepungua kidogo".

Haya, programu. Nitakueleza kama ninavyoelewa.

Ya kwanza ni ile kubwa. Watu waliingia studio, wakapiga kila ngoma na kila toazi mara mia, taratibu, kwa nguvu, kwa hasira, wakahifadhi kila pigo. Ukisikiliza utaapa kuna mtu chumbani. Lakini ni nzito, kompyuta yenu ikiifungua itakata roho.

Ya pili ina midundo iliyokwisha kupigwa na wapigaji wakubwa. Unachagua kama unavyochagua nguo sokoni, huu mkono, huu mguu, unaunganisha, wimbo tayari. Kwa mgonjwa ndiyo rahisi. Hata wewe ungeweza.

Ya tatu ni nyepesi. Sauti zake mbaya, nisikudanganye, dramu ndogo inalia kama ndoo. Lakini inasikia vidole. Kuna kibao cha vibonye vya mpira, unakipakata, ukigonga polepole inalia polepole, ukipiga kwa nguvu inalia kwa nguvu. Kila pigo linaandikwa kwenye kioo kama kijiti, juu ya mistari kama ya daftari la hesabu. Na kwa kuwa ni vijiti tu, mtu mwingine anaweza kuvivika sauti nzuri baadaye.

Mwambie Grover achague. Au usimwambie imetoka kwangu, kama itamfanya akatae.

Shemeji yako,
Limbert

*

Oruro, 4 Mei 2014

Shemeji Limbert,

Tumeipata barua yako na tumeipokea kwa furaha, na sisi wote tunapumua, mmoja wetu kwa msaada wa mtungi. Poleni na kubanana na cherehani.

Nilishindwa kumficha. Nilimsomea yote wakati wa chakula, na Mama yupo. Grover akaweka kijiko chini.

"Nani kakutuma kumwandikia mtoro?"

"Mtoro huyo nilimzaa mimi," Mama akasema. "Kula."

"Alituacha katikati ya wimbo, Mama."

"Na wewe ukaenda kuumalizia mgodini? Angekaa ningekuwa na mitungi miwili chumbani. Kula, nimesema."

Basi akala. Halafu akaniambia, "Rudia hapo kwenye programu." Nikarudia. Ile kubwa alitikisa kichwa, anaijua kompyuta yetu. Ile ya midundo ya watu, shemeji, alicheka mpaka nikamkimbilia na barakoa ya hewa. Alisema, "Mimi niazime mikono ya mtu? Binti yangu akue anamsifu mwanamume mwingine?"

Mama akauliza kuna tofauti gani, kwani muziki wenu wote ni mtu kaangusha kabati la vyombo kwenye ngazi.

"Tofauti ni kabati la nani, Mama," Grover akamjibu.

Amechagua ile ya ndoo. Anasema apige kwa vidole vyake, halafu vijiti vije kwako uvivike sauti za ile kubwa, kama kompyuta yako inaibeba. Nilimuuliza, niandike kwamba ni wewe umesema? Akageukia ukutani. Baadaye kidogo akasema bila kunitazama, "Muulize kama bado anaharakisha kwenye kiitikio."

Sasa nakuuliza. Bado unaharakisha?

Shemeji yako,
Zulma

*

São Paulo, 25 Mei 2014

Shemeji,

Hamjambo? Mimi ni mzima na leo nimefurahi, hata msimamizi wa kushona kaniuliza kama nina mchumba.

Doña Eusebia anawaletea kibao cha vibonye na flashi. Ndani ya flashi iko programu, na karatasi niliyochora inaonyesha pa kubonyeza. Kitufe chekundu ndicho cha kurekodi. Mkimaliza, wekeni kazi kwenye flashi hiyo hiyo mniletee.

Mwambie bado naharakisha. Nimekosa mtu wa kunizuia.

Limbert, mdogo wake

*

Oruro, 29 Juni 2014

Shemeji Limbert,

Natanguliza salamu, na baridi ya huku nakutumia pia kama huko imepungua. Dayra anatembea. Mama anakuombea kila Jumatatu.

Kazi imekwisha! Flashi hii hapa, nimeishona ndani ya soksi ya mtoto isipotee.

Nikueleze ilivyokuwa. Asubuhi nauza uji wa api na maandazi ya jibini pale getini mgodini, nikirudi saa nne tunaanza. Namwegemeza kwa mito mitatu, kibao mapajani, barakoa shingoni. Mimi ndiye wa kitufe chekundu. Vidole viwili vya kushoto ni miguu, vya kulia ni mikono. Anapiga mpaka pumzi inapoishia, anavuta mtungi, mashine inaendelea kuandika, anarudi. Kila akirudi anachelewa kidogo, halafu anakimbilia mdundo mpaka anaushika. Siku nyingine tulipata sekunde ishirini tu. Siku moja tulipata wimbo nusu, akataka kucheza na mtoto.

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Alipiga toazi la mwisho akaliacha lilie. Akasema, "Hapo." Nikabonyeza. Kisha nikaenda kuwawekea kuku maji.

Ametuma neno kwako, ndilo la kwanza baada ya miaka minne, kwa hiyo naliandika vizuri: *asafishe*.

Shemeji yako mwenye furaha,
Zulma

*

São Paulo, 20 Julai 2014

Shemeji Zulma na wote hapo,

Salamu za upendo. Flashi imerudi, naomba mkae karibu na spika mnapoisikiliza.

Nimekaa nayo Jumapili tatu. Nimeivika sauti za ile programu kubwa. Na nimesafisha, kama alivyoniagiza. Vijiti vilikuwa vimesambaa, kimoja mbele, kimoja nyuma, maskini Grover. Kuna amri moja, ukiibonyeza kila pigo linakwenda kukaa kwenye mstari wake. Unajua kazi yangu kutwa nzima ni kunyoosha mishono, shemeji, jicho langu haliwezi kuona kilichopinda likanyamaza. Sasa umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna atakayejua kama mpigaji alikuwa mgonjwa.

Mwambie ni zawadi yangu. Na gitaa linafuata, nafanya mazoezi nisiharakishe.

Limbert wenu

*

Oruro, 17 Agosti 2014

Shemeji Limbert,

Salamu zangu ni za mtu mwenye nguo nyeusi. Habari uliipata kwenye simu, na nilikusikia ulivyolia. Pole, mdogo wa marehemu, nasi tumepoa. Siku ya nane tumefua nguo zake mtoni kama inavyotakiwa. Mama hakutoa chozi mpaka zilipofika zile soksi zake za kuingilia mgodini. Dayra anamtafuta chini ya kitanda. Anadhani ni mchezo.

Nataka nikuambie ya wiki ile, kwa sababu ungetaka kuijua.

Flashi ilifika Jumamosi, tarehe mbili. Nikamweka kwenye mito, Mama akaja na kiti chake. Ikalia. Shemeji, ilikuwa nzito na nzuri, vioo vya dirisha vilitetemeka. Mimi nilianza kupiga makofi. Nikamwangalia Grover, naye anaiangalia kompyuta kama mtu anayemtazama mgeni mlangoni.

"Fundi sana," akasema. "Ni nani huyu?"

Nikasema ni wewe, baba Dayra.

"Mimi sijapata kupiga hivyo, hata nilipokuwa mzima." Halafu akacheka, ile ya kukohoa. "Limbert kaipiga pasi. Toka utotoni alipenda nguo iliyopigwa pasi. Nilimaanisha asafishe sauti, ile ndoo. Hukumwandikia sauti?"

Sikukuandikia sauti. Niliandika neno moja kama lilivyotoka kinywani mwake.

Hakukasirika, nakuapia kwa mwanangu. Alisema, "Mwambie anirudishie mikunjo yangu. Na aje na gitaa, tumechelewa sote." Akataka asikie ile ya kwanza, ya ndoo. Nikaitafuta kwenye kompyuta. Haimo. Nikatafuta siku mbili. Nilimwambia iko kwako, itakuja na Doña Eusebia. Jumatatu iliyofuata, tarehe nne, aliondoka asubuhi wakati api inachemka.

Shemeji, nakuomba unitumie ile ya kwanza. Sihitaji kingine.

Shemeji yako,
Zulma

*

São Paulo, 31 Agosti 2014

Zulma,

Sijui nikusalimu vipi.

Haipo. Nilifanya kazi humo humo kwenye flashi yenu. Nilinyoosha, nikahifadhi kwa jina lile lile, nikafunga. Ile mpya imekaa juu ya ya zamani na ya zamani haipo tena duniani. Nimempelekea mtu anayejua kompyuta, akanitazama kwa huruma.

Mikono ya kaka yangu ilikuwa kwenye kiganja changu na nimeifuta kwa amri moja. Niliondoka nikamwachia mgodi, halafu hata kile alichookoa humo nimemnyang'anya. Gitaa nimelirudisha kwenye mfuko. Usinitumie tena chochote cha thamani.

Limbert

*

Oruro, 14 Septemba 2014

Shemeji Limbert,

Mimi najua nikusalimu vipi. Hujambo? Unakula? Hapa tupo, tumekonda kidogo lakini tupo.

Sasa nisikilize. Nilikwenda kwa fundi simu nikamuuliza kwa nini kazi haikubaki kwenye kompyuta yetu, mbona niliiweka tu kwenye flashi? Akaniuliza, ulibonyeza nakili au ulibonyeza kata? Nikamwonyesha. Nilibonyeza kata, shemeji. Mimi nilidhani ni kama mkate, ukimkatia jirani kipande wewe unabaki na mkate wako. Kumbe nimempa mkate wote. Basi kosa ni la watu wawili, na lile neno *asafishe* bila sauti pia ni langu, kwa hiyo kwangu ni mawili na kwako ni moja. Usijibebeshe lote, halikutoshi.

Sikiliza na hili. Tarehe mosi Novemba ni meza yake ya kwanza. Saa sita mchana wafu wanaingia, kesho yake saa sita wanaondoka. Mama keshaagiza unga wa mikate. Mimi nataka wimbo uwe unalia saa sita ile, ndio atakaoufuata. Lakini akija akasikia mkono usio wake, si atasema hii si nyumba yangu, apite?

Kwa hiyo naurudisha. Niliona ulivyochora kwenye karatasi yako: kijiti ukikishika kwa kipanya unaweza kukisogeza. Nilikuwa nimekaa kando yake siku zote zile, nakumbuka pumzi iliishia wapi. Dayra akilala mchana nakaa, nasogeza kimoja kimoja, narudi nasikiliza. Jana nimefanya vijiti arobaini. Fundi kanihesabia, anasema jumla ni elfu tatu na mia mbili. Kicheko chake! Nikamwambia, mimi nachambua viazi vikavu vya chuño kimoja kimoja, utanitisha na vijiti?

Wewe leta gitaa. Alikuambia uje nalo.

Shemeji yako,
Zulma

*

Oruro, 12 Oktoba 2014

Shemeji Limbert,

Salamu, kama bado unazipokea. Doña Eusebia amerudi mikono mitupu. Anasema barua yangu ulipewa mkononi, ukaiweka mfukoni bila kuifungua, ukarudi kwenye cherehani. Sawa. Hii pia iweke mfukoni, lakini usiitupe.

Nimefika baada ya kiitikio cha pili. Kuna mahali pamenishinda. Ni pale anapoacha miguu na kubaki na matoazi peke yake. Siku ile mtoto alikuwa amemwaga maziwa, mimi nilikuwa chini napangusa, sikumwangalia. Nimejaribu kuchelewesha kidogo, nimejaribu sana. Kila nikifanya naona nadanganya. Wewe uliisikia ile ya ndoo kabla hujainyoosha. Hukumbuki hata kidogo? Niandikie mstari mmoja, alichelewa au hakuchelewa.

Mama anakuulizia. Nimemwambia una kazi nyingi.

Zulma, shemeji yako

*

Oruro, 3 Novemba 2014

Shemeji Limbert,

Salamu za meza iliyokwisha kuondolewa. Natumaini u mzima, kwa sababu ungekuwa mgonjwa tungesikia. Sisi tumechoka kwa mikono tu.

Meza ilipendeza. Mama alioka mikate yenye sura, mmoja tukaufanyia nywele ndefu kama zake za zamani, za wakati wa bendi. Mkate wa ngazi tukauegemeza ukutani, ili apate pa kushukia. Kulikuwa na nyama yake kavu ya llama na yai, majani ya koka, sigara ambazo daktari alimkataza, na bia. Spika niliweka nyuma ya maua.

Gitaa lako halikuja, kwa hiyo saa sita ilipopiga zililia dramu peke yake. Majirani waliokuja kusali walitazamana kidogo, lakini Mama aliwakazia macho wakaendelea na Baba Yetu. Pale paliponishinda nilipaacha kama ulivyopanyoosha. Ndiyo sehemu pekee iliyo kwenye mistari.

Wimbo ulipokwisha Mama akasema, "Rudia." Nikarudia. Watu walikuwa wamepewa mikate yao wanatoka. Alisikiliza hadi mwisho amefumba macho, mimi nimesimama kama mwanafunzi anayengoja daftari lisahihishwe.

Akasema, "Zulma, huyu si Grover."

Nikamuuliza amejuaje.

"Mwanangu akichelewa alikuja mbio, kama mtu anayelikimbiza basi. Tangu anajifunza kutembea alikuwa hivyo. Huyu anachelewa polepole. Anangoja, anangoja, ndipo anapiga." Akafumbua macho. "Huyu ni wewe, binti yangu. Ndivyo unavyokaa mlangoni."

Nikamwambia, basi Mama nizime? Miezi miwili nimefanya kazi ya bure, ataisikia apite.

"Zima ili iwe nini? Nani kakwambia mfu anakuja kujisikia mwenyewe? Hayo ya kwake anayo. Anakuja kusikia nyinyi mkoje." Akavuta shali yake. "Weka tena. Na kelele zake sasa nimezizoea, bahati mbaya."

Tukaweka tena. Iliendelea kulia mpaka Dayra akaanza kuitikisia kichwa, unajua mlivyokuwa mnafanya nyinyi jukwaani, akaanguka akalia. Jana saa sita tukaondoa kitambaa, tukagawa vyakula. Sikuona ishara yoyote, shemeji, sitakudanganya. Bia ilikuwa imepungua lakini majirani wa mlango wa pili ni mafundi wa kuipunguza.

Nililia jana alasiri, nikamaliza. Mkono wake haupo. Nilidhani nitaurudisha na sikuurudisha, na sasa najua hautarudi, wala kwa kipanya wala kwa kumbukumbu. Dayra hatamsikia. Atasikia mama yake anavyomngoja baba yake, na baba yake mdogo aliyemnyoosha mahali pamoja, pale kwenye matoazi. Ndicho tulichonacho.

Wewe unajua mfu huandaliwa meza miaka mitatu. Hii ya kwanza imepita, zimebaki mbili. Flashi imo ndani ya bahasha, nimenakili, sikukata, nimenakili mara tatu na fundi ameshuhudia. Ukiifungua utaona mistari ya dramu imejaa vijiti, na chini yake uko mstari niliouongeza mwenyewe nikauandika jina lako. Ni mweupe toka mwanzo hadi mwisho.

Ukiharakisha, uache hivyo hivyo.

Bado shemeji yako,
Zulma